Uliza Kwanza Mguu Mzima

Alikuwa akiugusa kwanza mguu usiouma. Mtoto angeletwa mgongoni kwa mama yake, analia, mguu wa kulia umevimba mpaka unang'aa, naye angeinama na kuugusa wa kushoto. Akina mama wageni walidhani haoni vizuri.

"Ni huu mwingine, Dresa."

"Huo umeshasema," angejibu bila kuinua uso. "Nauliza kwanza mguu mzima."

Aliuliza kwa mgongo wa mkono. Kiganja hakukiamini. Alisema kimeshika jembe, kimeshika kikombe cha chai, kinajua mambo mengi mno. Vitabu vya zahanati viliandika kwamba kidonda kikiingiwa na wadudu, tazama wekundu. Dresa alisema wekundu wa ngozi zetu hauonwi, unashikwa. Basi aliuanzisha mkono mbali, kwenye ngozi nzima, akausogeza taratibu kuelekea kidonda, na pale joto lilipoanza alitia nukta kwa peni ya buluu. Akazunguka hivyo mpaka nukta zikawa mstari, kama mshono wa fundi cherehani. Kando ya mstari aliandika siku na saa. Kesho yake aligusa tena. Joto likiwa limebaki ndani ya mstari, dawa inafanya kazi. Likiwa limevuka, mgonjwa anapelekwa mjini Bariadi siku hiyohiyo.

"Mstari hautibu," aliwaambia. "Mstari unakumbuka. Mimi nitasahau, wewe utasahau, huu utakumbuka."

Sisi sote tulimwita Dresa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga vidonda. Wauguzi walikuja kwenye zahanati yetu na kuhamishwa, waganga wafawidhi vilevile, yeye akabaki. Jina lake la kwenye karatasi nililisikia baadaye sana, na halikumfaa.

Kuna neno moja nililokaa nalo miaka kumi na miwili bila kumwambia. Kila mtu anaponiuliza habari zake, neno hilo ndilo linalotangulia kunijia. Nitalifikia.

Nilimfahamu kwa sababu ya mzigo. Wazazi wetu walifariki ndani ya mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, na nyuma yangu kulikuwa na Kabula, mwenye miaka tisa, kisha mapacha Kulwa na Doto, ambao hata kufunga vifungo walikuwa hawajui. Niliacha shule. Watoto wanaolelewa na mtoto huumia sana, na kwetu sote tulikuwa kwenye pamba. Makapi makavu ya pamba yanachana vidole, mabua yanachana miguu. Hakukuwa na wiki isiyokuwa na kidonda. Nilikuwa nikifika zahanati natanguliza mmoja, wengine wananifuata, na Dresa akiniona tu anasogeza benchi.

"Mkubwa, leo tumeleta nani?"

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Niliitwa Mkubwa, na siku nilizochoka sana neno hilo peke yake lilinifanya nisimame wima.

Alikuwa mtu wa kutoka mkoa mwingine, na Kisukuma chake alikiokota kwa wagonjwa, kwa hiyo kilikuwa na maneno mengi ya maumivu na ya ng'ombe na machache ya mambo mengine. Alijua salamu moja. "Mwangaluka," aliwaamkia watu asubuhi, na "Mwangaluka" aliwaambia pia jua likizama. Vikongwe, aliowaita mayu, yaani mama, walimtania.

"Mwadila, Dresa. Jua limeshuka, wewe unatuamkia?"

"Foleni haijaisha, mayu. Kwangu bado asubuhi."

Bandeji zilizokauka juu ya kidonda hakuzivuta. Alizilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, akasubiri, na katika kusubiri huko ndiko alikonifundisha. Wengine aliwaambia "wadudu". Mimi aliniambia, "Wewe ulifika kidato cha pili. Kwako nitasema bakteria." Alinipa heshima hiyo wakati hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba niliwahi kukaa darasani.

"Ngozi si gunia, Mkubwa," alianza siku moja, mguu wa Doto ukiwa kwenye beseni. "Gunia likitoboka linanyamaza, panya anaingia. Ngozi ikitoboka inapiga mwano."

Mwano ni lile yowe la huku kwetu ng'ombe wanapoibwa. Nyumba moja inapiga, ya pili inalipokea, ya tatu inalipeleka mbele, na muda si mrefu njia zimejaa wanaume wenye fimbo na pinde. Anayesikia akabaki ndani, kijiji kinamtoza.

"Seli za ngozi ni zile nyumba za pembeni, zinazopakana na pori," aliendelea. "Hazina upinde. Lakini mwizi zinamjua. Bakteria ana alama kwenye koti lake ambazo mtu hana. Seli ikizishika alama hizo inapiga mwano, jirani yake anaupokea. Tena haikai bure, inamrushia mwizi mawe yake kidogo, sumu ya kwake yenyewe, kumchelewesha. Mishipa ya damu ikisikia inafungua milango. Hapo wanatoka wenye fimbo, chembe nyeupe. Maji yanayovuja pamoja nao ndiyo uvimbe. Damu inayokuja kwa wingi ndiyo joto. Mimi ninaposhika joto nasikiliza yowe limefika nyumba ya ngapi."

"Na usaha?"

"Maiti. Za wezi na za waliokwenda kuwafuata, zimechanganyika. Usizionee kinyaa, nusu yao walikufa kwa ajili ya Doto."

Doto akaangalia beseni, akaanza kulia upya.

"Na mwano ukizidi?" nikauliza.

"Wanakanyaga mahindi ya mwenye ng'ombe. Ile ngozi inayokufa kuzunguka jipu, si wezi peke yao walioiua. Nyingine imekufa kwa nyayo za waliokuja kusaidia." Akakamua kitambaa. "Lakini huo siuogopi sana. Ninaouogopa ni usiopigwa. Mtu wa kisukari. Mzee aliyechoka. Nyumba ya pembeni inaita kwa sauti ya mgonjwa, majirani wamelala. Kidonda kinaoza kimya, na mwenyewe anakwambia hakiumi."

Nilimwamini kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye, ingawa hakuwa mtu wa kuaminika katika kila jambo. Alinawa mikono kabla ya kugusa mguu, kwa kipande cha sabuni alichokihifadhi kwenye kopo, akainua vidole juu vikauke kwa upepo. Kisha, foleni ikipungua, alitoa mfukoni michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaipuliza nyuzi za pamba na kuila bila kunawa chochote. Aliwapasua watu majipu huku akipiga mluzi, lakini siku ya chanjo ya wafanyakazi alijifungia stoo, muuguzi akamwita mlangoni kama anayeita kuku. Na alikuwa mkali kupita kiasi kwa kapsuli za rangi mbili. Watu wengi huku wakiumia hununua kapsuli dukani, wanaifungua na kumwaga unga wake juu ya kidonda, unakauka na kuwa kama kifuniko. Dresa aliufuta unga huo huku akigomba.

"Umemfunika mwizi blanketi. Yuko chini hapa amelala vizuri, anakushukuru."

Wengine walinuna. Wengine walicheka, wakaenda nyumbani, wakamwaga tena.

Sasa nifike kwenye lile neno.

Ulikuwa msimu wa kung'oa mabua ya pamba. Kabula alijikwaruza kwenye bua, chini ya goti, nami sikujua mpaka siku ya tatu alipoanza kuchechemea na kulalamikia mtoki. Dresa aliugusa mguu mzima, akaugusa mbovu, akachora mstari wake shavuni mwa mguu, akatupa vidonge. "Keshokutwa mniletee," alisema. "Kesho ni Jumapili, nami siko. Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote."

Jumapili hiyo shangazi yetu alikuwa aje. Baada ya matanga, ukoo ulikuwa umekubaliana kwamba tukae pamoja kwa majaribio. Shangazi angekuja kutazama. Akiona watoto wachafu au wagonjwa, tungegawanywa: Kabula kwenda kwa baba mdogo kule Bukundi, mapacha kwenda Kalemela kwa ndugu wa mama, mimi nikaolewe. Hayo yalisemwa mbele yangu, kwa upole, kama watu wanavyogawana vyombo.

Kwa hiyo Jumapili alfajiri niliwaogesha. Niliwasugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka wakawaka. Kila mtu anajua wanachosema juu ya yatima: hawaogi. Kabula nilimsugua zaidi, kwa sababu yeye ndiye angekwenda mbali. Nilipomkausha ndipo nilipoona mstari haupo. Hata tarehe haikuwepo.

Nilikuwa bado na peni yangu ya shule. Nikamlaza Kabula mkekani, nikachora nukta. Sikukumbuka ulipita wapi. Nilichokifanya ni kuweka mgongo wa mkono wangu, kama nilivyomwona akifanya, na kuchora pale joto lilipokuwa asubuhi ile. Niliandika tarehe ya jana na saa ya jana. Hata mwandiko wake niliuigiza. Niliona nimerudisha kitu mahali pake.

Jumatatu Dresa aligusa mguu mzima, akagusa mbovu. Alikawia. Akaurudia mkono mara mbili, uso wake ukiwa kama wa mtu anayesikia jambo asilolitarajia. Kisha akatazama mstari. Joto lote lilikuwa ndani yake.

"Mkono unaniambia limepanda," alisema. "Mstari unasema limekaa." Akanitazama. "Tuuamini mstari. Endeleeni na vidonge."

Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikamwona mganga mfawidhi amesimama mlangoni, na nyuma yake foleni ya majirani waliomjua shangazi yangu wote. Nikaufunga.

Jumanne jioni Kabula alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Uvimbe ulikuwa umepita goti. Tulimpeleka mjini kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nimemkumbatia kwa nyuma. Walimpasua mara mbili. Alikaa wodini wiki nyingi, na aliporudi shavu la mguu lilikuwa na bonde refu ambalo yeye mwenyewe analiita mfereji. Anatembea akiuvuta kidogo. Leo ni fundi cherehani mjini, na wateja wake wanadhani alizaliwa hivyo.

Alipokuwa bado wodini nilirudi kijijini kuchukua unga, nikapita zahanati kuacha taarifa. Mganga mfawidhi alikuwa akimgombeza Dresa barazani, mbele ya watu.

"Uliupimaje mguu ule, mzee?"

Dresa alikuwa amesimama, mikono imening'inia, bado ina maji.

"Mkono wangu ulikosea," alisema.

Nilikuwa hatua tano kutoka pale, Doto amening'inia kwenye gauni langu. Nikasema moyoni, nikikiri sasa, ukoo utasikia kwamba mimi ndiye niliyemharibia mdogo wangu mguu, na watatugawa sote. Nikaendelea kutembea. Tulikaa pamoja, sisi wanne. Hakuna aliyegawanywa. Bei ya jambo hilo aliilipa mtu mwingine.

Kwa sababu tangu hapo Dresa hakuchora tena. Peni ilibaki mfukoni mwa shati, kifuniko chake kimetafunwa. Alisafisha, alifunga, lakini chochote chenye joto alikiandikia rufaa. Watu walisafiri mpaka Bariadi kwa jipu dogo, wakarudi na vidonge vilevile vilivyokuwa kabatini kwake. Wakampa jina jipya: Mzee Rufaa. Vijana wa kijiweni walimwita akipita.

"Dresa, ng'ombe wangu anachechemea, nimpeleke wapi?"

"Mjini," alijibu, naye akicheka kidogo.

Wote walisema ni uzee umemtia woga. Mimi tu nilijua ni nini, na kila nilipopeleka kidonda, na vilikuwa vingi, alinisogezea benchi na kuniuliza, "Mkubwa, leo nani?" Nikamjibu, na lile neno likabaki palepale.

Alistaafu. Alijenga nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa kijiji, akalima pamba ekari moja kwa mikono. Mke wake alifariki. Mwanawe yuko Mwanza, anampigia simu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka mnadani, nikapita kumpa nyanya. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, naye amekaa kivulini mwa ukuta, blanketi limefunika miguu. Harufu niliijua kabla sijafika karibu. Miaka yangu yote ni ya vidonda.

"Mwangaluka, Mkubwa."

"Mwadila, mzee. Funua."

"Katambuga hizi za tairi zilinikwaruza. Si kitu. Hata hakiumi."

Aliposema hakiumi nikaweka kapu chini. Nikafunua mwenyewe. Juu ya wayo, kidonda kilichokuwa na upana wa kifuniko cha kopo, kimepakwa unga wa njano uliokauka. Ganda tupu la kapsuli, nusu nyekundu nusu nyeusi, lilikuwa kwenye mchanga kando ya kiti.

Tukatazamana.

"Usiseme," alisema.

"Umemfunika mwizi blanketi."

"Nimekwambia usiseme."

"Sukari unapima?"

"Nilipima. Iko juu. Najua yote unayotaka kusema, mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi kwa nini uko hapa?"

Kuku alipita, akadonoa lile ganda, akaliacha.

"Kila asubuhi nausogeza mkono," alisema. "Siku moja naona joto liko hapa, siku moja naona halipo. Sijui. Mkono huu ulinidanganya kwa mdogo wako, Mkubwa, tangu siku ile siusadiki. Nikienda mjini watakata mguu, na pengine hauna kitu. Nikikaa, pengine unao. Basi nimekaa."

Nilikuwa nimechoka. Nimelea watatu, nimezika wawili, nimepiga jembe ardhi ile ile kwa miaka kumi na miwili, na hakuna kilichonichosha kama kulibeba neno lile. Sikuchagua maneno.

"Haukukudanganya," nikasema. "Mstari ule ulikuwa wangu. Wako niliuosha Jumapili. Nikachora mwingine, nikauweka pale joto lilipokuwa limeshafika. Nikaandika tarehe yako."

Hakunitazama. Alitazama mkono.

"Uliosha."

"Niliosha."

"Kwa nini?"

"Shangazi alikuwa anakuja kututazama. Walitaka kutugawa. Nilitaka tuonekane safi."

"Alikuja?"

"Hakuja. Mvua ilimzuia kule Shishiyu."

Alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, kisha kikakatika. Akaanza kuhesabu watu, kwa sauti ya chini: yule mama aliyeuza mbuzi kwenda mjini kwa jipu la kwapa, yule babu aliyelala njiani, yule mtoto wa mwalimu. Aliwataja mmoja mmoja, wote aliowapa rufaa kwa sababu ya mkono uliokosea. Nilisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, kwa sababu ningekuwa namwongezea kazi.

Mwishowe akaugeuza mkono, mgongo juu, akautazama kama kitu alichorudishiwa na mtu aliyekiazima.

"Basi ulikuwa mzima," alisema. "Jumatatu ile uliniambia limepanda."

"Ulikuambia kweli."

"Nipe maji."

Nilileta beseni na kipande cha sabuni, kiko kwenye kopo lilelile. Alinawa, akainua vidole vikauke. Akaugusa mguu mzima. Kisha mbovu, akianzia juu gotini, akishuka taratibu, macho yamefumbwa. Chini, karibu na kidonda, alitikisa kichwa.

"Huku kimya. Hawapigi tena mwano." Akapandisha mkono. Ukasimama juu ya kifundo, akaurudisha, ukasimama palepale. "Hapa. Hapa bado wanaita. Peni."

Nilitoa ya kwangu kwenye kapu. Alichora mwenyewe, ameinama, nukta kwa nukta. Akaandika siku na saa. Kisha akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya foleni:

"Mkubwa, ita bodaboda."

Nililala naye wodini, sakafuni, juu ya kanga. Alfajiri daktari alikuwa hajafika. Alikuja muuguzi msichana na beseni la maji ya moto na kitambaa, mchangamfu, akasema babu lazima awe safi kabla ya raundi. Dresa alikuwa amelala. Muuguzi alilowesha kitambaa, akashika mguu, akaanza kusugua kuelekea juu.

Niliamka, nikamshika kifundo cha mkono.

"Osha kote, mdogo wangu," nikamwambia. "Mstari uache."